Nyundo na Cherehani: Makalasinga wa Afrika Mashariki na Safari Yao ya Pili

Mwaka 1985 kilichapishwa London kitabu cha Parminder Bhachu kiitwacho Twice Migrants, kinachoeleza maisha ya Makalasinga, yaani Masikh wenye asili ya Punjab katika Bara Hindi, waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania wakahamia Uingereza, wengi wao katika miaka ya 1960 na 1970. Hadi wakati huo, sehemu kubwa ya utafiti kuhusu wahamiaji kutoka Bara Hindi ilikuwa imejengwa juu ya mtu wa aina moja tu, yaani mwanamume wa kijijini aliyeondoka kwao peke yake, akapata kazi kiwandani, akawa anatuma fedha nyumbani, na kila mwaka akajiambia kwamba mwakani atarudi. Watu aliowachunguza Bhachu hawakufanana na huyo hata kidogo. Walikuwa watu wa mjini waliozoea ofisi, karakana na shule. Walifika na wake, wazazi na watoto. Kiingereza walikijua kabla ya kupanda ndege. Na kijiji cha kurudia hawakuwa nacho, kwa kuwa Punjab ilikuwa imebaki nchi ya masimulizi ya wazee, na Afrika Mashariki, walikozaliwa wengi wao, haikuwa tena mahali walipoweza kutumainia maisha ya watoto wao. Bhachu, ambaye ametoka katika jamii hiyohiyo na ambaye baadaye alikuwa profesa wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Clark huko Massachusetts, aliwaita wahamiaji wa mara mbili, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba uhamiaji wa kwanza ndio uliowafundisha namna ya kuhama mara ya pili.

Hoja hiyo inamgusa moja kwa moja msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu mafunzo yenyewe yalipatikana huku, katika kambi za reli, mitaa ya Wahindi na karakana za Nairobi, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam. Historia ya Makalasinga wa huku imezoeleka kusimuliwa kwa nyundo, msumeno na reli, yaani kwa kazi za wanaume, na kumbukumbu ya umma imehifadhi majina ya wanaume vilevile: Makhan Singh wa vyama vya wafanyakazi, au Joginder Singh, dereva aliyeshinda mbio za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Bhachu aliingiza katika historia hiyo suala la jinsia, yaani majukumu, haki na matarajio ambayo jamii huwapangia wanaume na wanawake, akauliza nani katika nyumba ya fundi alifanya kazi gani, nani alishika fedha, na desturi zilisafiri mikononi mwa nani kutoka nchi moja hadi nyingine. Swali hilo likirudishwa nyuma hadi siku za ujenzi wa reli, masimulizi yaliyozoeleka yanaonekana kuwa na pengo kubwa.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa mji wa Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikafika Kisumu, ambayo Waingereza walikuwa wameiita Port Florence. Kwa kazi hiyo waliletwa kutoka Bara Hindi vibarua na mafundi wapatao 32,000 kwa mkataba, wengi wao wakitoka Punjab, na mkataba huo ulimfunga mtu kufanya kazi kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka mitatu, akiwa na haki ya kurudishwa kwao muda ukiisha. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo, waliosimamisha ujenzi wa daraja mwaka 1898, wamesimuliwa kiasi kwamba wamewafunika wale wengi zaidi waliokufa kwa maradhi na ajali, ambao hakuna aliyewaandikia kitabu. Waliobaki baada ya mikataba kwisha walikuwa kiasi cha 6,700, na si wote walikuwa Makalasinga, kwani Waislamu na Wahindu wa Punjab walikuwamo pia. Wala si kweli, ingawa husemwa mara nyingi, kwamba Wahindi wote wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa makuli wa reli: wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kachi walikuwa Zanzibar na Mombasa muda mrefu kabla ya reli, na mafundi wengi wa Kikalasinga walifika baada yake, wakiitwa na ndugu zao, ili kujaza nafasi katika karakana za reli, idara za ujenzi na viwanda vya mbao.

Wengi wa mafundi hao walikuwa Waramgarhia, jina la kasta, yaani kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake na kwa desturi huolea humo, linalojumuisha maseremala, wahunzi na waashi, na ambalo limechukua jina la Jassa Singh Ramgarhia, jemadari wa karne ya 18. Dini ya Sikh inafundisha kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu, lakini katika vijiji vya Punjab mwenye shamba, yaani Jat, ndiye aliyekuwa juu, na fundi aliishi kwa kumtengenezea jembe na mkokoteni, akilipwa kwa sehemu ya mavuno. Afrika Mashariki ilivunja utaratibu huo. Majat walikuwa wachache, ardhi nzuri ya nyanda za juu za Kenya ilikuwa imetengewa Wazungu, na fedha ilipatikana kwa ufundi, kwa hiyo yule ambaye kijijini alimtegemea mwenye shamba akawa mtu wa mshahara, akajenga nyumba, akasomesha watoto, na akaanzisha hekalu, yaani gurdwara, lenye jina la kasta yake mwenyewe. Hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kando ya njia ya Mombasa kwenda Nairobi, mahali palipokuwa kituo cha reli, linajulikana hadi leo na wasafiri wa kila dini kwa kuwa anayepita hupewa chakula bila malipo.

Katika mazingira hayo ndipo ulipoumbika utambulisho wa kijamii wa kundi hili, na inafaa kueleza kwamba wanasosholojia wanapotumia istilahi hiyo hawana maana ya kitu kilichomo katika damu, bali hali ya watu kujiona, na kuonwa na wengine, kuwa jamii moja kwa sababu ya historia, dini, lugha na desturi. Utambulisho wa namna hiyo hutengenezwa, tena mara nyingi hutengenezwa na serikali kama unavyotengenezwa na wenyewe. Dola ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi katika mishahara, hospitali, shule, makazi na hata mabehewa ya gari moshi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na fundi wa Kikalasinga alilelewa ndani ya ngazi hiyo, akinyimwa cha aliye juu na kupewa zaidi ya aliye chini. Walikuwapo walioikataa. Makhan Singh, mtoto wa seremala, alianzisha mwaka 1935 chama cha wafanyakazi kilichowakaribisha watu wa rangi zote, na mwaka 1950 alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki, jambo lililomgharimu kizuizi cha zaidi ya miaka 11. Hata hivyo walio wengi waliishi kwa kufuata mpangilio uliokuwapo, wakiwa jirani na Waafrika kazini na mbali nao nyumbani.

Wanawake walianza kufika kwa wingi wanaume walipopata nyumba na kazi za kudumu, na hapo ndipo kundi la mafundi lilipogeuka kuwa jamii. Mke wa fundi hakuandikwa katika vitabu vya mshahara vya reli, kwa hiyo mtafiti anayetegemea nyaraka hizo atadhani kwamba hakufanya kazi. Ukweli ni kwamba nguo za nyumba nzima zilitoka mikononi mwake. Vazi la wanawake wa Kipunjabi ni la vipande vitatu: kameez, shati refu linalofika magotini na lenye mipasuo ubavuni, salwaar, suruali pana inayofungwa kiunoni kwa kamba na kuishia nyembamba vifundoni, na mtandio mrefu wa kichwani na mabegani. Maduka ya kuuza vazi hilo likiwa tayari hayakuwapo, na fundi cherehani wa barazani, aliyekuwa hodari wa kanzu, kaptula na suruali, hakuwa na mazoea nalo. Mama alinunua kitambaa kwa yadi, akakikunja na kukitandaza sakafuni, akalaza juu yake kameez ya zamani iliyomkaa vizuri mwenyewe, akafuata mkato wake kwa chaki, akiongeza upana kwapani kwa msichana anayekua na kuacha pindo nene la kufumuliwa mwaka unaofuata. Mkato wa shingo aliouona harusini aliuweka akilini hadi alipofika nyumbani. Hakuwa na karatasi ya vipimo; alikuwa na jicho, utepe wa kupimia na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na binti yake, aliyekaa karibu akichomoa nyuzi na kupachika vifungo, alijifunza ufundi huo bila kuambiwa kwamba anafundishwa.

Jambo moja halina budi kuongezwa hapa, kwa sababu maandishi mengi kuhusu Wahindi waliohama hulipita haraka mno. Nyumba nyingi za Kihindi za mjini zilihudumiwa na wafanyakazi wa Kiafrika, ambao kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni walikuwa wanaume, kama alivyoeleza mwanasosholojia Janet Bujra katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu utumishi wa nyumbani Tanzania. Muda ambao mama wa nyumba aliupata wa kukaa kwenye cherehani ulitokana kwa kiasi fulani na mtu aliyekuwa jikoni au kwenye karo la kufulia, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mtu yeyote mwingine katika ngazi ile ya rangi. Historia ya jinsia katika jamii ya wahamiaji haikamiliki ikiwa inamtoa mwanamke wa Kikalasinga gizani na kumwacha humo mtumishi wake.

Uhuru ulipokuja, Kenya iliwapa wakazi wenye asili ya Bara Hindi, walioitwa Waasia, miaka miwili ya kuamua kama watajiandikisha kuwa raia, na wengi hawakujiandikisha, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 sheria mpya za Kenya ziliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni maalumu za biashara, na foleni zikaanza katika uwanja wa ndege. Bunge la Uingereza lilijibu kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1968, iliyopitishwa kwa siku chache tu, ambayo ilimwondolea mwenye pasipoti ya Uingereza haki ya kuingia nchini humo ikiwa yeye, mzazi wake au babu au bibi yake hakuzaliwa au kuandikishwa huko, sharti ambalo mlowezi wa Kizungu alilitimiza kwa urahisi na fundi wa Kihindi hakuweza kulitimiza. Badala ya haki zikatolewa vocha, mwanzoni 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa kaya. Jinsia ilikuwa imejificha katika maneno hayo mawili, kwani mkuu wa kaya kwa kawaida alihesabiwa kuwa mume, hata pale ambapo mwenye pasipoti iliyofaa alikuwa mke. Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika ripoti yake ya mwaka 1973, iliona kwamba sheria hiyo iliwabagua watu kwa rangi kiasi cha kuwavunjia utu, na kwamba kuwazuia wanaume fulani kuwafuata wake zao Uingereza, ilhali wake waliruhusiwa kuwafuata waume, kulikuwa ubaguzi wa kijinsia. Sheria hiyo ni kati ya kurasa za aibu zaidi katika historia ya sheria za Uingereza, na inashangaza kwamba inakumbukwa kidogo kuliko amri ya Idi Amin ya Agosti 1972, iliyowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka na kuwapeleka Uingereza zaidi ya watu 27,000. Tanzania haikufukuza mtu, lakini kutaifishwa kwa majumba ya kupangisha mwaka 1971 kuliwafanya Waasia wengi waone kwamba akiba yao ya maisha haikuwa na usalama tena.

Huko Uingereza, Makalasinga wa Afrika Mashariki waliwakuta wenzao waliotoka Punjab moja kwa moja katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, wengi wao Majat, ambao baadhi walikuwa wamekata nywele na kunyoa ndevu ili wapate kazi. Wageni wapya walikuja na vilemba vyao. Mtu angetarajia kwamba waliokaa mbali na Punjab kwa vizazi viwili au vitatu ndio wangekuwa wamesahau desturi, lakini Bhachu alionyesha kinyume chake: kwa kuwa katika Afrika ya kikoloni walikuwa wametengwa kama jamii, na kwa kuwa walikuwa wamezoea kuendesha mahekalu na shule zao wenyewe, walikuwa wamezishika desturi kwa nguvu kuliko wale waliotoka kwenye chimbuko. Katika maeneo kama Southall, magharibi mwa London, walianzisha haraka vyama na mahekalu ya Waramgarhia, wakifuata taratibu zilezile za kamati na michango walizozijua Afrika Mashariki. Umoja huo ulikuwa na bei yake, maana kasta ambayo mahubiri ya dini yanaikana ilitangazwa sasa waziwazi kuliko awali.

Hata hivyo sehemu ya kazi ya Bhachu iliyozaa mjadala mkubwa zaidi ni ile inayohusu fedha za wanawake. Afrika Mashariki wake wengi wa mafundi hawakuwa wameajiriwa. Uingereza, kwa kuwa mshahara mmoja haukutosha kulipia nyumba, waliingia viwandani, hospitalini na maofisini. Wanawake wa jamii nyingine za Kihindi kutoka Afrika Mashariki walipita njia hiyohiyo, na mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, ulioanza Agosti 1976 na kuendelea hadi Julai 1978, uliongozwa na Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanzania. Wagomaji hawakurudishwa kazini, lakini ile picha ya mwanamke wa Kihindi mnyenyekevu asiyeweza kusema ilikufa mbele ya lango la kiwanda hicho. Bhachu alikuwa akiibomoa picha hiyohiyo kwa njia ya utafiti, na mahali alipoibomolea ni pa kushangaza, yaani katika daaj.

Daaj ni mali ambayo bibi harusi hutoka nayo kwao, tofauti na mahari ya Waafrika wengi ambayo hutoka upande wa mwanamume: seti za nguo, dhahabu, vyombo vya nyumba, na zawadi kwa jamaa za mume. Wengi walitarajia kwamba elimu na ajira za wanawake zingeifuta desturi hiyo, lakini mtafiti alikuta kwamba ilikuwa imekua, na aliyeikuza ni binti mwenyewe, aliyefanya kazi miaka kadhaa kabla ya kuolewa, akaweka mshahara wake, akachagua vitambaa na dhahabu anavyotaka, na kuingia kwa mume akiwa na mali anayoijua kuwa ni yake. Bhachu hakudai kwamba desturi hiyo haina madhara. Alichodai ni kwamba desturi haisimami mahali pamoja, na kwamba mwanamke anayepokea mshahara anaweza kuitumia desturi ya zamani kupata nafasi mpya katika nyumba ya mume. Wapo wanaoona kwamba hapo aliupa uhuru wa mnunuzi uzito kuliko unavyostahili, na hoja yao ina nguvu, kwani familia isiyo na binti mwenye mshahara mzuri bado ililazimika kushindana na ile iliyo naye. Lakini ni vigumu kukanusha kwamba kabla yake wanawake hao waliandikwa kana kwamba hawakuwa na uamuzi wowote.

Miaka 19 baada ya kitabu cha kwanza, Bhachu alirudi kwenye cherehani. Kitabu chake cha mwaka 2004, Dangerous Designs, kinafuata safari ya salwaar-kameez kutoka kwenye vyumba vya akina mama hadi kwenye maduka ya mitindo ya London. Katika miaka ambayo kuvaa vazi hilo barabarani kulimletea mtu matusi, akina mama waliendelea kulishona nyumbani na kulivaa bila kuomba radhi, na ni watoto wao waliozaliwa au kukulia Uingereza waliolifanya kuwa la fasheni. Kati ya wabunifu waliochunguzwa ni Bubby Mahil, mwenye duka la Chiffons katika mtaa wa Green Street, mashariki mwa London, ambaye Cherie Blair, mke wa waziri mkuu wa wakati huo, amewahi kuvaa nguo zake. Mteja na mbunifu walikaa pamoja wakachora, wakabishana kuhusu shingo na mikono, na mchoro waliokubaliana ukatumwa kwa faksi hadi India, ambako nguo ilishonwa na kurudishwa. Kwa maoni ya Bhachu, ustadi wa kubuni kwa kumsikiliza mvaaji ulitoka kwa wale akina mama waliokata kitambaa sakafuni. Kitabu cha mwaka 2021, Movers and Makers, kinaipanua hoja hiyo hadi kwa wasanii na wavumbuzi wa sasa wenye asili ya mafundi wa Afrika Mashariki.

Sheria nayo iliendelea kuwapa majina. Mwaka 1983 mahakama ya juu ya Uingereza, ikiamua kesi ya mvulana wa Birmingham aliyekataliwa shuleni kwa sababu ya kilemba, ilitamka kwamba Makalasinga si wafuasi wa dini tu bali ni jamii yenye historia ndefu na utamaduni wake, kwa hiyo wanalindwa na sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi. Kenya, kwa waliobaki, ilichukua muda mrefu zaidi: Julai 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi. Chini ya jina hilo moja wamo Wagujarati, Wagoa na Wapunjabi, Waislamu, Wahindu na Makalasinga, na bado ni tabaka lilelile la kati ambalo makarani wa kikoloni walilipa mstari wake katika orodha za mishahara za reli.